Kalamu Nyekundu Ni ya Nani?

Kila anayeandika mchezo wa kuigiza hufika siku moja mahali ambapo mtu mwingine anamwambia, "Hapa pabadilishe." Anaweza kuwa mwigizaji anayeshindwa kuutamka mstari. Anaweza kuwa mwelekezi ambaye ametazama saa yake mara mbili onyesho moja likiendelea. Anaweza kuwa mwalimu mkuu, mfadhili, mjomba aliyepita kutazama mazoezi, au ofisa aliyetumwa. Wote wanatumia neno hilohilo, badilisha, na karibu wote wanasema wanakutakia mema. Mtunzi anabaki na karatasi mkononi akijiuliza: nisikie la nani?

Wahenga walishatoa jibu la haraka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa, lakini jukwaani mkuu ni nani? Hapo ndipo kurekebisha tamthilia kunapoacha kuwa suala la ufundi peke yake na kuwa suala la maadili. Ukikubali kila badiliko, mchezo utakuwa wa kila mtu na hautakuwa na la kusema. Ukikataa kila badiliko, umejitawaza mkuu wa watu ambao bila wao mchezo wako ni makaratasi tu.

Nataka kutetea wazo moja hapa. Kujifunza kurekebisha tamthilia ni kujifunza kutofautisha kusikia na kuogopa. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kama mapacha. Anayesikia hukata mstari, na anayeogopa hukata mstari. Anayesikia hubadilisha mwisho, na anayeogopa pia. Ukiitazama rasimu ya pili peke yake huwezi kujua ni lipi lililotendeka. Lakini tofauti ipo, na wanaolipa gharama yake ni waigizaji walio jukwaani na watu walioketi mbele yao.

Tuanze na kusikia. Riwaya ikitoka mtamboni imekwisha. Msomaji ataketi nayo peke yake, na akikwama kwenye sentensi anarudi nyuma kuisoma tena. Tamthilia haiko hivyo. Ni maagizo ya jambo litakalotokea baadaye, katika miili ya watu wengine, mbele ya hadhira isiyoweza kurudi nyuma. Kwa hiyo mstari unaopendeza kwenye karatasi unaweza kugoma kabisa kutoka mdomoni.

Chukua mfano wa kubuni. Mtunzi ameandika onyesho la mjane aliyefika ofisini kwa chifu kudai shamba. Kauli ya kwanza ya mjane ni hii: "Ewe kiongozi dhalimu, umeninyang'anya ardhi niliyoachiwa kwa haki na marehemu mume wangu!" Kwenye karatasi ni Kiswahili safi, na mwalimu wa insha angeweka alama ya vyema pembeni. Sasa mpe mama wa miaka hamsini aiseme, akiwa amesimama, chifu ameketi, karani anaandika kando. Atasita. Atajaribu tena. Halafu atakuambia, "Lakini mtu hawezi kuingia kwa chifu hivyo. Kwani hata hamwamkii?"

Ana haki. Yeyote aliyewahi kusindikizwa na mamake kwenye ofisi kama hiyo anajua mambo yanavyokwenda. Unabisha hodi. Unasalimia. Unaulizia watoto wake. Unasema umepita tu mara moja, hutaki kumpotezea wakati. Ndipo, ukiwa umeshaanza kugeuka kama anayetaka kutoka, unasema, "Na ile karatasi, chifu?" Nguvu zote za mjane ziko katika kule kuchelewa. Hadhira inajua alichokuja kutafuta tangu alipobisha hodi, na kila salamu inazidi kuwabana roho. Mtunzi alikuwa amemsemea mjane. Mwigizaji amemrudishia mjane kinywa chake.

Hili ndilo somo la kwanza la kurekebisha, na halifundishiki ukiwa umeketi. Rasimu isomwe kwa sauti, na watu wengine, huku mtunzi amenyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu. Mtunzi anatamani kueleza, "Hapa nilikuwa namaanisha..." Asieleze. Siku ya maonyesho hatakuwepo kando ya kila kiti akinong'ona alichomaanisha. Kazi yake wakati huo ni kuweka alama ndogo ukingoni: hapa mwigizaji alijikwaa, hapa watu walikohoa, hapa walicheka pasipo na kichekesho. Na aangalie pia mikono. Mwigizaji akimimina chai ikamwagika kwenye sahani kwa sababu vidole vinatetemeka, basi mstari unaofuata, "Nina hofu kubwa moyoni," umeshasemwa na chai. Uondoe. Hautalia.

Wapo wanaoona kurudia kazi ni dalili ya udhaifu, ati mwandishi wa kweli hupata neno mara moja. Hao wamtazame Julius Nyerere. Mwaka wa 1963 alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina Julius Caezar. Mwaka wa 1969, akiwa Rais wa Tanzania, ilitoka iliyorekebishwa, na safari hii hata jina lilikuwa limebadilika: Juliasi Kaizari. Hakuna mhariri ambaye angemtisha Rais. Hakuna aliyeweza kumlazimisha aguse herufi moja. Aliirudia kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa bado inamdai. Mfano huo unatusaidia kwa kuwa umeondolewa woga wote, umebaki usikivu mtupu: mtu mwenye madaraka makubwa kabisa nchini mwake anaitii sentensi.

Lakini Nyerere alikuwa peke yake na kitabu. Mfano mkubwa wa kusikia watu tunao hapa kwetu Kenya, Limuru. Mwaka wa 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya kituo cha jamii cha Kamĩrĩĩthũ. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwandishi aliyejulikana duniani. Angeweza kuleta maandishi yaliyokwisha na kugawa nafasi tu: wewe utakuwa huyu, wewe yule, kariri. Badala yake rasimu ilisomwa mbele ya wanakijiji, wakiwemo wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani, nao wakaipekua. Wazee walikosoa Kikuyu chake na lugha waliyowekewa wahusika wa umri wao. Wafanyakazi walitaka mambo ya kazi na mshahara yaelezwe sawasawa, maana wao ndio waliokuwa wakinyonywa na hesabu waliijua. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, hivyo hata mpita njia aliweza kusimama na kutia neno.

Tunapolisimulia jambo hili tunapenda kulisifu kama ushindi wa umma, na lilikuwa hivyo. Mimi linanivutia kwa sababu nyingine. Mzee aliyemsahihisha profesa hakufanya hivyo kwa sababu alikuwa mkuu. Alifanya hivyo kwa sababu alijua. Kalamu nyekundu ilipita katika mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na jambo ambalo watunzi hawakuwa nalo. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya shauri linalostahili kusikilizwa: linatoka kwa mtu anayekuonyesha kitu kilichomo mchezoni au katika maisha ambayo mchezo unadai kuyaonyesha. Ukimuuliza "kwa nini?" ana jibu, na jibu lake linahusu mjane, shamba, salamu, mshahara. Halihusu yeye.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali chake kiliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini kwa takriban mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka wa 1982 kikundi hicho kilipojiandaa na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, hakikupewa kibali, na ukumbi wa wazi ambao wanakijiji walikuwa wameujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Tunaweza kusema kwamba serikali nayo ilikuwa na masahihisho yake. Mzee alitaka mchezo useme vizuri zaidi. Serikali ilitaka usiseme.

Hapo tofauti ni rahisi kuiona, kwa kuwa mmoja alikuja na neno na mwingine akaja na tingatinga. Matatizo yanaanza pale anayetaka mchezo unyamaze anapozungumza kwa upole, kwa lugha ya ufundi. "Onyesho hili linapunguza kasi." "Hadhira yetu haiko tayari." "Mhusika huyu hapendezi, mfanye awe na huruma kidogo." Kauli hizi zinaweza kuwa za kweli kabisa. Zinaweza pia kuwa woga uliovaa maleba.

Henrik Ibsen, Mnorwe, alikutana na jambo hili mwaka wa 1880. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa mchezo unaojulikana kwa Kiingereza kama A Doll's House, ambamo Nora, mke na mama wa watoto watatu, anafungua mlango mwishoni na kuondoka. Ujerumani, mwigizaji maarufu Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuuigiza mwisho huo, akisema yeye hangeweza kuwaacha watoto wake. Sheria za wakati ule hazikumpa Ibsen ulinzi huko, na alijua kwamba akikataa, mtu mwingine atauandika mwisho mpya apendavyo. Basi akauandika mwenyewe. Katika mwisho huo mume anamlazimisha Nora awatazame watoto waliolala, naye anashindwa kuondoka, anaanguka mlangoni.

Kwa nje huyo ni mwigizaji aliyefanya kama yule mama wa mfano wetu wa chifu: alisimama ndani ya mhusika, akasema mtu hawezi kufanya hivi. Mbona basi mmoja tunampongeza na mwingine tunamlaumu? Jibu langu ni hili. Yule mama alisema, "Mjane huyu hangesema hivyo." Niemann-Raabe alisema, "Mimi nisingefanya hivyo." Wa kwanza alikuwa anamtetea mhusika dhidi ya mtunzi. Wa pili alikuwa anajitetea yeye dhidi ya mhusika. Nora aliandikwa ili amsumbue mtu kama yeye, na alipoanza kumsumbua, akaombwa arudi ndani.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza: badiliko hili likifanyika, nani anapata nafuu? Mjane alipoongezewa salamu, hakuna aliyepata nafuu. Ukumbi mzima ulibanwa zaidi. Nora aliporudishwa ndani, kila mume ukumbini alishusha pumzi. Badiliko linalomfanya mtu fulani nje ya mchezo alale vizuri zaidi litazamwe mara mbili.

Lakini angalia Ibsen alichofanya baadaye. Hakudai kwamba mwisho mpya ni bora. Hakusema ameukomaza mchezo wake. Alitangaza hadharani kwamba ule ni ukatili dhidi ya tamthilia, na kwamba ameufanya kwa mkono wake ili wengine wasifanye mabaya zaidi. Aliuita uoga kwa jina lake, na kwa sababu hiyo mwisho wa kwanza ulibaki hai. Leo Nora anaondoka karibu katika kila jukwaa anapoigizwa.

Nalitilia mkazo hili kwa sababu ni rahisi kuhubiri ushujaa ukiwa umeketi mbele ya kompyuta. Mshairi akikataa kubadilisha beti, anajihatarisha mwenyewe. Mtunzi wa tamthilia akikataa, anawahatarisha wengine. Tumeyaona haya majuzi tu. Wasichana wa Butere walizuiwa na mchezo wao Shackles of Doom mwaka wa 2013, hadi Mahakama Kuu ilipoamuru waruhusiwe kuuigiza. Mwaka wa 2025 wakaja na Echoes of War. Mahakama iliamuru tena waachwe waigize, lakini huko Nakuru mwezi wa Aprili palikuwa na polisi na vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Walioyafikicha macho yao siku ile walikuwa watoto wa shule.

Sisemi kwamba mchezo ule ulipaswa kubadilishwa. Aliyekosea ni aliyewarushia watoto moshi. Nasema kwamba mtunzi anayeandika kwa ajili ya miili ya wengine hana haki ya kuwa jasiri kwa niaba yao bila kuwauliza. Kuna woga wa kujiogopea mwenyewe, na kuna woga wa kuwaogopea wengine. Huu wa pili si aibu. Mama anayemwambia mwanawe asipite njia fulani usiku si mwoga. Ikiwa kikundi kimekaa chini, kikajadili, kikaamua kwamba onyesho la kituo cha polisi liondolewe kwa sababu mmoja wao ana kesi mahakamani, hilo ni jambo la heshima. Kosa linaingia pale wanapoanza kuambiana, "Na kusema kweli, mchezo umekuwa mzuri zaidi bila lile onyesho." Hapana. Haujawa mzuri zaidi. Umekuwa salama zaidi, na usalama una thamani yake, lakini tusiuite uzuri. Tukishazoea kuuita hivyo, rasimu ya mwaka ujao hatutahitaji mtu wa kutukataza. Tutakuwa tumejikataza wenyewe na kuuita ufundi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba masahihisho yote huja kutoka nje. Yaliyo magumu zaidi hutoka ndani, na hapa mwalimu wangu ni Mrusi, Anton Chekhov. Mwaka wa 1889 mchezo wake mmoja, Leshy, yaani pepo wa msituni, uliigizwa Moscow ukashindwa. Ndani yake mna mtu anayeitwa Voynitsky ambaye ametumia maisha yake kumtumikia shemeji yake profesa, na anagundua amepoteza umri wake bure. Mwishoni mwa sehemu ya tatu anajipiga risasi, anakufa. Sehemu ya nne wengine wanapatana, wapenzi wanaungana, hadithi inafungwa.

Miaka michache baadaye Chekhov aliuchukua mchezo huo akaujenga upya. Akapunguza wahusika. Akahifadhi vipande vizimavizima. Lakini safari hii Voynitsky, ambaye sasa tunamjua kama Mjomba Vanya, hajipigi risasi. Anamfyatulia profesa, anamkosa. Anafyatua tena, anakosa tena. Na baada ya hapo, ambalo ni jambo la kutisha kuliko kifo, anaendelea kuishi. Profesa anaondoka. Vanya na mpwa wake Sonya wanarudi mezani kwenye daftari za hesabu, wanaandika mafuta kiasi gani, nafaka kiasi gani.

Hakuna aliyemkataza Chekhov kumuua mtu wake. Aliona mwenyewe kwamba kile kifo kilikuwa njia ya mkato. Kilimwondolea Voynitsky kazi ya kuishi na alichokijua, na kiliwaondolea hadhira kazi ya kumtazama akiishi nacho. Mara ngapi tunafanya hivyo? Mara nyingi mno michezo yetu humalizika kwa maiti, kwa gari la polisi, au kwa mhusika kupatwa na wazimu. Vyote hivyo hutokea katika maisha, na wakati mwingine ndiyo haki ya hadithi. Lakini mara nyingi ni mtunzi aliyechoka kumfikiria mtu wake. Anamtoa jukwaani ili aende akalale. Swali la kuuliza rasimu ya pili ni hili: itakuwaje asipokufa? Kesho yake asubuhi ataamkia wapi, na nani atampikia chai?

Hapo tunafikia deni ambalo naliona kubwa kuliko yote, yaani deni kwa mhusika tunayemchukia. Turudi kwa chifu wetu. Katika rasimu ya kwanza ana kitambi, anacheka ovyo, anapokea bahasha hadharani, na kila asemalo ni baya. Hadhira inamzomea na inafurahi. Ila fikiria nani yuko kwenye viti vya mbele. Mgeni wa heshima pengine naye ni mtu wa ofisi, ana faili mezani kwake la shamba la mjane fulani. Anatazama lile zimwi jukwaani, anacheka pamoja na wengine, anapiga makofi, anarudi ofisini kesho yake bila doa. Kwani yeye hana kitambi, na bahasha yeye hapokei hadharani. Mchezo umemkosa kama risasi ya Vanya.

Sasa mpe chifu sababu. Mjane anapouliza habari za ile karatasi, chifu aangalie dirisha kidogo kisha aseme, "Mama, hiyo kitu ilikuja kwa meza yangu ikiwa imesainiwa juu. Mimi nina watoto wanne, mmoja ndiye huyo ameingia chuo. Unataka nifanye nini? Niambie wewe." Aseme kwa sauti ya chini, bila kucheka. Ndipo yule wa viti vya mbele atakapoacha kupiga makofi, maana hayo ndiyo maneno aliyomwambia mtu juzi.

Utaniambia, si huko ni kumlainisha mkubwa? Si ndicho kile kile tulichokiita woga? Hapana, na kipimo chake ni kipimo changu cha pili: je, kitendo kimebaki? Anayeogopa hupunguza kitendo. Chifu hakuiba, alidanganywa na karani, shamba linarudishwa, mwishoni wote wanacheza ngoma. Anayetenda haki huacha kitendo kizima na kumwongeza mtu. Karatasi bado imesainiwa. Shamba bado limeenda. Mjane bado anatoka mikono mitupu. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua limeenda mikononi mwa mtu kama sisi, na hilo ni zito zaidi kulibeba kuelekea nyumbani.

Na mwigizaji wa chifu anapata kazi ya kweli. Aliyekuwa amepewa zimwi acheze kitambi, sasa amepewa binadamu amtetee. Mwigizaji mzuri anapaswa kutoka jukwaani akiwa bado nusu anaamini kwamba chifu hakuwa na la kufanya. Akiamini hivyo, hadhira italazimika kubishana naye njia nzima hadi kituo cha matatu.

Lini basi mtu aache kurekebisha? Hili nalo lina upande wa maadili, kwa kuwa wapo watunzi wanaojificha ndani ya rasimu. Mwaka wa tano huu, mchezo bado "unaiva". Ukweli ni kwamba usipomaliza hutahukumiwa. Mimi naona dalili ya kuacha ni moja: pale mabadiliko unayofanya hayatokani tena na kitu ulichokisikia katika mazoezi, bali na mawazo ya nani atasema nini. Ukijikuta unafuta mstari ambao kila mwigizaji aliutamka vizuri na kila msikilizaji alinyamaza kuusikiliza, weka kalamu chini. Sasa hurekebishi. Unajihami.

Kwa anayeanza nina pendekezo dogo la kazi, halihitaji mfadhili. Usitupe kurasa ulizokata. Zitie kwenye bahasha, na pembeni mwa kila ukurasa andika kwa ufupi kwa nini ulitoka: "haukutamkika", "chai ilishasema", "Chifu hakuwa mtu", "uliturefushia njia", "tuliogopa". Uwe mkweli katika hayo maneno mawili matatu, maana hakuna mwingine atakayeyasoma. Kurasa za makundi mengine unaweza kuzisahau. Zile zilizoandikwa "tuliogopa" zitoe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kikundi kikiwa kimeketi pamoja, mzisome kwa sauti. Huenda ile kesi imekwisha. Huenda yule mwenye kesi ndiye atakayesema, "Hebu tulirudishe lile onyesho."